Bosi Alikuwa Anaangalia Miguu ya Makuli

Msanii akileta kazi dukani kwetu, duka la kusambaza kanda za muziki, bosi hakuwa na haja ya kumwangalia usoni. Alimpa kiti, akamwagizia soda, akaichomeka kanda kwenye redio kubwa iliyokaa juu ya kabati, akaongeza sauti. Kisha akageukia mlango wa nyuma, kule makuli walikokuwa wakipakia katoni kwenye mikokoteni. Wimbo ukipita na makuli wanabeba kama kawaida, alisubiri wa pili. Wa pili nao ukipita hivyohivyo, alisubiri wa tatu. Ikitokea mmoja wao amepunguza mwendo, au mguu umeanza kugonga sakafu na katoni bado iko begani, bosi alirudisha kanda nyuma na kuuliza kama mtu asiye na shida yoyote, "Huu unaitwaje?"

Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani zina idara nzima za kusaka vipaji. Sisi Kariakoo tulikuwa na makuli wanne.

Nilifanya kazi pale kuanzia 2001 hadi 2007. Niliajiriwa nikiwa nimemaliza kidato cha nne, kwa sababu moja tu: mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Kazi yangu ilikuwa daftari. Nani kaleta nini, makava ya kanda mangapi yameingia, katoni ngapi zimetoka na kwa basi lipi. Duka silitaji. Mwenyewe tulimwita mdosi, maana msambazaji yeyote enzi zile aliitwa mdosi, yaani Mhindi, ingawa wa kwetu kwao ni Tanga na Kihindi chake kilikuwa cha kwenye filamu tu.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu siku hizi wakubwa wa zamani wa muziki wanahojiwa kila wiki, redioni na kwenye YouTube, na wote wana sentensi moja wanayoipenda: "Niliposikia tu, nikajua." Yule kijana alikuja na kandambili, hana hata nauli, nikamsikiliza dakika moja, nikajua huyu atatoka. Mimi nimekaa chumba cha nyuma miaka sita. Sijawahi kumwona mtu aliyejua.

Na wala si ushamba wetu. Chukua Berry Gordy, mwenye Motown, kampuni ya santuri ya Marekani. Alianza mwaka 1959 kwa dola 800 za mkopo wa familia, kwenye nyumba ya kawaida barabara ya West Grand Boulevard, Detroit. Kabla ya hapo alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha Lincoln-Mercury cha Ford, na kampuni yake aliiendesha kwa mtindo aliouona kule: huku wanatunga, huku wanarekodi, huku wanakagua. Ijumaa asubuhi kilikuwa kikao cha kuchambua nyimbo, ukichelewa unakuta mlango umefungwa. Swali alilowauliza watu wake ndilo lililonifanya nimpende: kama umebakiwa na dola moja mfukoni na njaa inakuuma, utanunua santuri hii au sandwichi? Hilo ni swali la Kariakoo kabisa. Bosi wangu angelielewa bila mkalimani.

Kikao hichohicho, chenye swali hilohilo, kiliukataa wimbo "I Heard It Through the Grapevine" alioimba Marvin Gaye. Aliurekodi mwaka 1967. Badala yake wakautoa ule wa Gladys Knight na Pips, ukapanda hadi namba 2, wakaridhika. Wa Gaye wakauchomeka kwenye albamu ya 1968 kama wimbo wa kujazia. Waliouchimbua ni watangazaji wa redio, wakawa wanaupiga wao wenyewe kutoka kwenye albamu, hadi kampuni ikalazimika kuutoa peke yake mwishoni mwa mwaka ule. Ukakaa namba 1 Marekani wiki saba. Ungedhani somo limeingia. Gaye akaja na "What's Going On", Gordy hakuutaka. Watu wa mauzo wakautoa Januari 1971 bila baraka zake, ukauzika hadi yeye mwenyewe akaenda kuomba albamu nzima. Mtu aliyesifiwa sikio kuliko wote Marekani alikosea mara mbili, kwa mwimbaji yuleyule, ambaye tena alikuwa shemeji yake.

Kisa cha Decca, kampuni ya santuri ya Uingereza, kinajulikana hadi kimechakaa, ila kina mkia ambao kwetu hausimuliwi. Januari mosi 1962 Beatles walikwenda London kufanyiwa majaribio na kampuni hiyo, wakapiga nyimbo 15, wakakataliwa. Waliochukuliwa ni Brian Poole na Tremeloes. Sababu mojawapo? Tremeloes walikuwa wa Dagenham, pembeni tu ya London, kuwaita studio ni rahisi, wakati wale wengine walitoka Liverpool, safari ya zaidi ya kilomita 300. Nauli! Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa msambazaji anajua uamuzi wa namna hiyo. Haya, mkia wake: mwaka 1968, Brian Poole akiwa ameshaondoka na kundi likiwa limeshahama kampuni, Tremeloes haohao walirekodi "Helule Helule" ukafika namba 14 Uingereza. Wimbo huo ni wa Daudi Kabaka, wa Nairobi. Kwa hiyo kundi lililochaguliwa badala ya Beatles, miaka sita baadaye lilikuwa linaimba kibao kilichozaliwa Afrika Mashariki. Hakuna bosi wa London wala wa Nairobi aliyepanga hivyo.

Nairobi ndiko wakubwa wetu walikokuwa. Mitambo ya kukandamiza santuri ilikuwa kule, Tanzania haikuwepo. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikasikika nchi nzima, na hazikuwa na kitu cha kuuza dukani. Ndiyo maana ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliishia Nairobi na Simba Wanyika yao, na ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe naye alikuwa Kenya siku za mwisho za maisha yake, kabla ajali ya gari haijamchukua Mombasa Januari 1979.

Kuna jambo ambalo wakubwa wa kule walilifanya na halisemwi kwenye mahojiano yoyote, labda kwa sababu hata wao hawakuliona. Santuri ndogo ya inchi 7 upande mmoja unabeba dakika nne, tano hivi. Rumba ya dansi na benga, ule muziki wa gitaa wa Kenya, hazimaliziki dakika nne. Basi wimbo ukakatwa: upande wa kwanza sehemu ya kwanza, upande wa pili sehemu ya pili. Hadithi na maneno huku, chemko kule. Ukisikiliza vibao vya miaka ile utaona wapiga gitaa walivyozoea kuliandaa lile kata, wimbo unapungua taratibu, unageuza santuri, ngoma inapasuka. Kipimo cha plastiki kikawa sehemu ya utunzi. Mimi hilo linanivutia kuliko hadithi ya sikio la mtu.

Na kuna Phares Oluoch Kanindo. Huyu alikuwa mkubwa wa muziki wa kwelikweli, mfanyabiashara wa santuri za benga, bendi kama Victoria Kings zilipitia mkononi mwake, na baadaye akaingia bungeni. Mojawapo ya lebo zake aliiita Sungura. Santuri zake zikasafiri hadi Rhodesia, na wapigania uhuru wa kule wakaupenda muziki huo kambini. Mpaka leo Zimbabwe wana muziki wao wanaouita sungura, na kabla ya hapo waliuita kanindo, jina la mwenye biashara. Sidhani kama alipokuwa anachagua mnyama wa kuweka kwenye kibandiko alijua anabatiza muziki wa taifa la watu. Hii ndiyo hadithi ya nyuma ya pazia ninayoitaka. Haina "nikajua" hata moja ndani yake.

Turudi chumba cha nyuma.

Kama kuna aliyekaribia kujua, ni muuzaji wa rejareja wa mkoani. Oda ya kwanza haisemi kitu. Oda ya kwanza ni redio imepiga, bango limebandikwa, watu wana hamu. Tulikuwa tunasubiri ya pili. Katoni zinapelekwa stendi ya Ubungo jioni, zinapanda basi la alfajiri, kesho yake au keshokutwa ziko Mwanza. Zikipita wiki mbili bila simu, tulijua. Simu ikilia siku ya nne, na yule mama wa Mwanza haulizi hata habari za nyumbani, anasema tu, "Niongezeeni zile za kava jekundu," basi bosi anafunga daftari la madeni na kutuagizia chipsi mayai wote, makuli wakiwemo. Jina la msanii yule mama hakulijua. Kava jekundu. Hapo ndipo wimbo ulipotoka, siyo studio.

Ya makosa yetu ninayo mengi. Moja ni langu mimi. Alikuja kijana mmoja mwembamba na nyimbo kumi, bosi alikuwa msibani Tanga, akaniachia nisikilize. Makuli walikuwa wameenda kula. Nikasikiliza peke yangu, kwa heshima zote, kalamu mkononi. Nikaona sauti ni ya puani na mashairi ni ya kitoto, nikamwambia, "Mdogo wangu, kajipange." Akanishukuru. Msambazaji wa mtaa wa pili akamchukua, na kwa miezi kama mitano sikuweza kupanda daladala bila kuisikia ile sauti ya puani ikiniambia nikajipange mimi. Bosi hakunifokea. Alichosema ni kwamba siku nyingine makuli wakienda kula, na duka lifungwe.

Kinyume chake pia kilitokea. Kuna albamu moja ambayo sisi wote tuliipenda, hadi bosi, hadi mama lishe aliyekuwa anatuletea ugali. Ilikuwa na ala za kupigwa kwa mkono, mashairi ya mtu mzima, sauti imetulia. Tukatoa nyingi kwa mpigo. Mwanza kimya, Mbeya kimya, Arusha wakarudisha. Zilikaa store hadi panya wakazoea, mwishowe tukabandua makava na kuzirekodia kwaya. Kama una kanda ya kwaya ya miaka ile na ukisikiliza vizuri mwishoni unasikia gitaa la mbali, hujaokoka vibaya, ni sisi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mahojiano hayafiki.

Madaftari yalikuwa mawili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Msanii anachapisha makava yake mwenyewe au tunamkata gharama, analeta, tuseme, elfu tano. Kanda bila kava haiuziki, kwa hiyo idadi ya makava ndiyo idadi ya kanda, na yeye akitaka kujua mauzo anakuja kuhesabu yaliyobaki. Ni ulinzi mzuri kwa mtu asiye na mwanasheria. Ubovu wake ni kwamba mchapaji wa makava alikuwa mita hamsini kutoka kwetu, na kava ni karatasi. Daftari la bluu lilikuwa la msanii kuona. Lile lenye ganda gumu lilikaa kwenye droo, na yote mawili yameandikwa kwa mwandiko wangu ule unaosomeka. Msanii akija, bosi anafungua la bluu, anashusha pumzi, anamwambia kwa huruma ya kweli kabisa, "Dar imeenda kidogo. Mwanza hakujaenda." Kwa nini Mwanza? Kwa sababu Mwanza ni mbali, nauli yake ni kubwa, hakuna atakayekwenda kuhakikisha.

Baadaye ilikuja hakigramu, ile stika ya COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania, mwaka 2006, kila kanda halali ibandikwe. Wazo zuri. Lakini mwaka ule kanda zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuchoka, CD za kuchoma ziko kila kona ya mtaa, na mwizi wa tatu ambaye hakuwa sisi wala msanii alikuwa hahitaji hata kava.

Nimtetee bosi kidogo, kwa sababu nimekula ugali wake. Hakujiona mwizi. Alikuwa ametoa hela ya studio kwa vijana ambao benki isingewafungulia mlango, akawalipia na nguo za kupigia picha, akawatembeza kwa watangazaji, na mtangazaji hatembelewi mikono mitupu. Kati ya wasanii kumi, saba walimtia hasara. Hesabu yake kichwani ilikuwa kwamba watatu wanaotoka wanawalipia saba wasiotoka. Ni hesabu ileile ya London na Detroit, sijui kama kuna kampuni ya muziki duniani iliyowahi kuishi bila hiyo. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewaambia wale watatu kuwa wanalipia wenzao. Wao waliambiwa Mwanza hakujaenda.

Kwa hiyo nikiwasikia wazee hawa redioni wakisema "mimi ndiye niliyemtoa fulani", sibishi. Huenda kweli alimtoa. Ninachosubiri mtangazaji aulize, na haulizi, ni: ziliuzwa ngapi? Na mkataba ulisema nini? Anauliza kuhusu kandambili. Wanacheka, wimbo unapigwa, kipindi kimekwisha. Msanii mwenyewe akihojiwa wiki inayofuata naye atasimulia njaa yake na jinsi wimbo ulivyomjia usiku, idadi hatataja kwa sababu hakuwahi kuijua. Marijani Rajabu, ambaye sauti yake nchi nzima iliijua, miaka yake ya mwisho kabla ya kufariki 1995 alikuwa anajikimu kwa kuuza kanda kwenye kibanda, Kariakoo hiihii. Watu wanapenda kulisimulia hilo kama hadithi ya huzuni, wanatikisa vichwa. Mimi naliona ni swali la daftari.

Vijana wa sasa wananiambia hayo yamepita, idadi iko wazi kwenye simu, kila mtu anaiona. Ni kweli wanaiona. Wasikilizaji milioni mbili wamekaa pale kwa rangi nyeupe. Kiasi kilichoingia kwa milioni mbili hao, na kimegawanywa vipi kati ya meneja, lebo na yeye, nenda kamuulize, utaona anavyoangalia dari.

Niliondoka 2007, biashara ikiwa inakufa yenyewe. Siku tunasafisha droo bosi aliniambia nikachome karatasi zote nyuma ya duka. Nikachoma nyingi. Lile lenye ganda gumu nilikwenda nalo nyumbani, mpaka leo sielewi nilikuwa nataka kulifanyia nini. Lilikaa chini ya masanduku ya mke wangu.

Mwaka juzi nilikuwa nasubiri chai kwenye mgahawa, Buguruni, nikasikia mtu anaagiza supu. Sauti haizeeki. Alikuwa mmoja wa wale watatu kati ya kumi, kava jekundu mwenyewe, sasa ana kitambi na mvi za pembeni, anaendesha lori la mchanga. Nikajitambulisha. Alinikumbuka, "Kaka, wewe si ndiye ulikuwa unaandika?" Nikasema ndiye mimi. Tukaongea habari za watoto, za barabara, za fulani aliyefariki. Nikamwambia ninalo daftari nyumbani, lile jingine. Hakuuliza jingine lipi. Alikaa kimya akichezea kijiko, nikampa idadi ambayo nilikuwa naijua kwa kichwa. Akaniomba niirudie, nikairudia, akaizidisha kwenye simu yake kwa bei ya elfu moja, akaitazama, akaifuta.

"Unajua nilienda kupiga shoo Mwanza mwaka ule," akasema. "Nikaanza kuimba, wakaninyang'anya. Waliimba wao, mwanzo mpaka mwisho, hadi yale maneno ya pembeni. Nikawa najiuliza, hawa wameyajulia wapi?"

Supu ikaja. Akakamua ndimu.

"Hebu niambie, Kaka. Mwanza zilikwenda ngapi?"

Nikamwambia Mwanza ndiyo iliyoongoza.